Shajara ya mradi: kuifufua Macintosh SE/30 na kufungua diski za dada

Siku ya 1

Mashine imefika. Ni Macintosh SE/30, toleo la mwaka 1989, imeviringishwa ndani ya mablanketi mawili kama mgonjwa anayesafirishwa. Plastiki yake imegeuka njano upande mmoja tu, bila shaka ule uliokuwa ukitazama dirisha miaka yote hiyo. Nimeiweka mezani na kuifuta vumbi. Sijaiwasha. Kompyuta ya umri huu haiwashwi kwa pupa, hufunguliwa kwanza.

Nieleze kwa nini nimejitwika kazi hii. Nina diski saba za dada yangu mkubwa, zile ndogo za inchi tatu na nusu. Ndani yake mna michoro aliyoichora kwa MacPaint, programu ya kuchorea, tukiwa wadogo, kwenye Macintosh Plus iliyokuwa ya baba mchana na ya dada usiku. Plus yenyewe ilishakufa na kutupwa. Diski zimebaki ndani ya sanduku la viatu, zimehama nasi kila tulipohama, na hakuna aliyezifungua tangu wakati huo.

Najua kuna njia fupi. Mini vMac inaiga Macintosh Plus nzima ndani ya kompyuta ya leo, na ni programu ninayoipenda na kuitumia mara kwa mara. Lakini mambo mawili yananizuia kuishia hapo. La kwanza, diski za Plus hazisomwi na kisomeo cha kawaida cha kuchomeka kwenye laptopu. Nitaeleza sababu nikifika huko. La pili ni ukubwa. Kwenye kioo cha inchi tisa cha Mac hizi, nukta 72 ni inchi moja, na kwenye karatasi iliyochapishwa nukta 72 ni inchi moja vilevile. Mchoro ulioonekana wa ukubwa wa kiganja ulikuwa wa ukubwa wa kiganja kweli. Ukiufungua kwenye skrini ya leo unasinyaa ukawa kama stempu, na ukiukuza unakuwa vigae. Nataka dada auone kwa kipimo alichouchora.

SE/30 ina kioo kilekile, nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe, hakuna kijivu. Inasoma diski za zamani. Na kichakato chake, Motorola 68030 cha megahezi 16, kina nguvu ya kutosha kunipa nafasi ya kuonja na Photoshop ya mwanzo kabisa, ambayo nayo ina mahali pake moyoni mwangu.

Siku ya 2

Nimeifungua. Skurubu mbili zimejificha ndani kabisa chini ya mpini, hazifikiwi ila kwa bisibisi ya Torx T15 yenye shingo ndefu.

Neno kwa atakayenifuata: nyuma ya kioo kuna volti maelfu kadhaa, na zinaweza kubaki humo hata mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Nimefunga waya kwenye bisibisi bapa, ncha nyingine nikaibana kwenye chesisi, mkono mmoja nikauweka mfukoni, ndipo nikaichomeka bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira. Ilitoa mlio mdogo, tiki. Asiyewahi kufanya hivi aombe mwenye uzoefu akae naye mara ya kwanza.

Siku ya 3

Betri ya saa, ile ya lithiamu ya volti 3.6 yenye nusu ya urefu wa betri ya kawaida, imevimba lakini haijapasuka. Nimeitoa nikashusha pumzi. Betri hizi zikipasuka hula bodi mpaka shaba inageuka unga wa kijani, na nimeona bodi za wenzangu ambazo hazikubakiwa na cha kuokoa.

Makapasita ndiyo yaliyovuja. Yale madogo ya bati, ya mikrofaradi 47, yana kimiminika ndani ambacho baada ya miaka thelathini na kitu hutafuta njia ya kutoka. Bodi inanuka kama samaki aliyelala, na lehemu inayopaswa kung'aa imekuwa ya kijivu.

Siku ya 4 hadi ya 6

Nimeyatoa yote. Nimeosha kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, nikakausha, nikaosha tena. Pedi moja ya shaba ilinyanyuka na kapasita lake, kosa la mkono wangu, kwa sababu nilivuta kabla lehemu haijayeyuka sawasawa. Nimeunganisha upya kwa uzi mmoja mwembamba wa waya, nikaufuatisha njia ya zamani mpaka mguu wa chipu. Makapasita mapya ni ya aina isiyo na kimiminika, hayatavuja tena.

Siku ya 7

Nimeiwasha. Kimya, na mistari ya pundamilia kioo kizima.

Nilitarajia hivyo, hata hivyo moyo ulishuka. Nimeirudisha bodi kwenye maji ya moto na sabuni, kisha spiriti, kisha siku nzima mbele ya feni.

Siku ya 9

Mlio! Ule mmoja wa chini, mzito, kama mtu amegonga kengele ndani ya mtungi. Kisha diski yenye alama ya kuuliza inayopepesa, maana yake haijapata mfumo wa kuwakia; ikiupata ndipo hutokea uso mdogo wa kompyuta unaotabasamu. Nimekaa nikaitazama ikipepesa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Uso ule ulichorwa na Susan Kare, mchoraji aliyeletwa kwenye timu ya Macintosh ya kwanza. Alianza kwa daftari la mirabaraba, kila kisanduku nukta moja, 32 kwa 32. Nukta 1,024 tu, na ndani yake akapata kutoa uso unaopendeza.

Siku ya 10

Diski kuu ya zamani imeganda, haizunguki hata kwa kubembelezwa. Mahali pake nimeweka BlueSCSI, kibao kidogo cha saketi kinachobeba kadi ya kumbukumbu na kuidanganya mashine kwamba ni diski ya SCSI, aina ya muunganisho wa diski kuu za Mac hizi. Nimesimika mfumo endeshi, System 6.0.8, na MacPaint 2.0, toleo la mwaka 1988 lililotolewa na kampuni ya Claris. Vimewaka mara ya kwanza bila kusumbua.

Siku ya 11

Leo sikutengeneza chochote. Nimechora.

MacPaint ya kwanza iliandikwa na Bill Atkinson ikatoka pamoja na Macintosh yenyewe, Januari 1984. Atkinson ndiye pia aliyeandika QuickDraw, ile sehemu ya mfumo inayochora kila kitu unachokiona kwenye kioo cha Mac, kwa hiyo aliyetengeneza brashi ndiye aliyetengeneza na turubai. Mwaka 2010 jumba la makumbusho la Computer History Museum huko California lilitoa msimbo wake hadharani kwa idhini ya Apple: mistari 5,822 ya lugha ya Pascal katika faili moja, na mistari 3,583 ya lugha ya asembli kwa kazi zilizohitaji kasi. Nimeusoma zaidi ya mara moja. Ni kitu anachoweza kukisoma mtu mmoja kwa juma moja akakielewa chote, na hilo silipati kwenye programu yoyote ya picha ninayoitumia kazini.

Kompyuta ile ya 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 kwa kila kitu. Ukurasa wa MacPaint una nukta 576 kwa 720, yaani baiti 51,840 ukiuweka mzima kwenye kumbukumbu. Haukuenea. Atkinson akauacha ukurasa kwenye diski, akaleta kwenye kumbukumbu kile tu kinachoonekana dirishani, nukta 416 kwa 240, na nakala ya pili ya dirisha hilo kwa ajili ya kutendua. Ndiyo maana toleo la kwanza lilikuwa na dirisha lisilopanuka wala kusogea, na ukurasa uliusukuma kwa ikoni ya mkono kama mtu anayetelezesha karatasi chini ya fremu.

Nimesahau mengi, lakini mkono haukusahau. Kopo la rangi. Kamba ya kitanzi inayoubana mchoro mpaka kwenye ukingo wake. Mstari wa vidoti vinavyotembea kuzunguka ulichokichagua, ambao mpaka leo uko kwenye kila programu ya picha. Penseli iliyo na akili yake: ukianza juu ya nukta nyeupe inachora nyeusi, ukianza juu ya nyeusi inachora nyeupe, basi hubadilishi chombo, unagusa tu. Na ukibofya penseli huku umeshika kitufe cha Command, unaingia ndani ya FatBits, ambako kila nukta inakuwa kubwa kama punje na unaipanga moja moja. Nimechora jani kwa saa nzima humo. Katika saa hiyo hakuna kilichoniuliza kama nataka kusasisha, wala kilichoniletea taarifa.

Usiku nimempigia dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Imewaka?"

"Imewaka. Nimechora jani."

Alinyamaza kidogo. "Diski zangu usizifungue bila mimi, mdogo wangu. Nitakuja."

Siku ya 13

Kisomeo cha diski. Mac hazina kitufe cha kutolea diski. Mota ndogo ndiyo inayoitema, na gia yake ya plastiki imekuwa mkavu ikavunjika meno. Grisi ya zamani imekuwa nta. Nimebadilisha gia, nimekwangua nta, nimepaka grisi mpya, nimefuta vichwa viwili vya kusomea kwa pamba yenye spiriti. Kichwa cha juu ni chembamba mno, ukikisukuma juu kwa nguvu umekiua.

Niliahidi kueleza kwa nini laptopu haiwezi kuzisoma diski hizi. Visomeo vya kawaida huzungusha diski kwa kasi moja. Vya Mac za mwanzo hubadilisha kasi: kichwa kikiwa ukingoni, ambako njia ni ndefu, diski inazunguka polepole na sekta (vipande vya data) 12 zinaingia, kikielekea katikati, kasi inapanda na sekta zinapungua, 11, 10, 9, mpaka 8. Kanda tano za njia 16 kila moja. Jumlisha uone: 12 na 11 na 10 na 9 na 8 ni 50, mara 16 ni sekta 800 kwa kila upande, baiti 512 kila sekta. Ndizo kilobaiti 400 kwa upande mmoja na 800 kwa pande mbili. Kisomeo cha kasi moja hakina namna ya kufuata.

Kwa hiyo diski za Mac zinaimba. Sauti ya mota inapanda ngazi kwa ngazi, noti tano, kadiri kichwa kinavyoingia ndani. Nimejaribu na diski isiyo na kitu muhimu na noti zote tano zimesikika. Nilikuwa nikilala huku nikiisikia sauti hii kupitia ukutani, dada akihifadhi kazi yake.

Siku ya 14

Kusoma diski si kufungua michoro, na dada amekubali hilo kwa simu. Nimezinakili kwa programu ya Disk Copy 4.2, nakala kamili baiti kwa baiti, ili zisiguswe tena.

Diski nne zimesomeka moja kwa moja. Ya tano imesomeka baada ya kurudia mara kadhaa. Ya sita ina sekta zilizokufa. Ya saba sikuitia: nilipokifungua kidogo kilango chake cha chuma niliona ukungu mweupe juu ya utando, na diski yenye ukungu huvichafua vichwa na kuziharibu diski zinazofuata. Itasubiri mpaka niifungue ganda na kuiosha.

Mafaili mengi yana tarehe ya 1 Januari 1904. Mac hizi huhesabu muda kwa sekunde tangu siku hiyo, na betri ya saa ikifa, saa hurudi mwanzo. Kwa hiyo najua kitu kuhusu Plus yetu ambacho sikuwa nakikumbuka: katika miezi ya mwisho ilikuwa inafanya kazi bila betri, na dada alikuwa akichora ndani ya mwaka 1904.

Siku ya 15

Kupumzisha macho, nimeweka Photoshop 1.0.7.

Watu wengi huiona Photoshop kama kitu cha rangi, ila mizizi yake iko kwenye kioo kama hiki. Mwaka 1987 Thomas Knoll, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu aliyoiita Display ili Macintosh Plus yake, isiyojua ila nyeusi na nyeupe, iweze kuonyesha picha zenye kijivu. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi kwenye studio ya filamu ya Industrial Light & Magic, akaona humo kitu kikubwa zaidi na kumsukuma aendelee. Adobe ikaitoa kama Photoshop 1.0 Februari 1990, kwa Macintosh pekee. Msimbo wa toleo la 1.0.1 nao ulitolewa na jumba lilelile mwaka 2013, mistari kama 128,000, sehemu kubwa Pascal. Tabaka hazikuwepo mpaka toleo la 3.0, mwaka 1994. Kurudi nyuma hatua nyingi kulikuja na toleo la 5.0, mwaka 1998. Kabla ya hapo ulikuwa na kutendua kumoja tu.

Nimefungua picha ya mkono wangu niliyoipiga jana na kuigeuza kijivu. Kioo hakina kijivu, basi programu inatawanya nukta nyeusi kwa wingi pale penye giza na kwa uchache pale penye mwanga, jicho linajaza lililobaki. Ufundi huu una shule zake. Njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976 hulichukua kosa la kila nukta na kuligawa lote kwa majirani wanne. Atkinson naye ana yake: huligawa kwa majirani sita, thumuni moja kwa kila mmoja, na thumuni mbili zinazobaki anaziacha zipotee. Kwa hesabu ni upungufu. Kwa jicho, weupe unakuwa mweupe na weusi unakuwa mweusi, na picha inasimama. Nimeziandika zote mbili na kuziweka sawia kioo hikihiki, na ya Atkinson imeishinda mwenzake kwa mbali kwenye kucha na mikunjo ya vidole.

Nimetia kichujio cha kulainisha. Kishale kimegeuka saa ya mkononi, nami nikasubiri, na wakati wa kusubiri nikaitazama picha. Nafanya kazi na picha kila siku, na ni nadra siku hizi kuitazama picha moja kwa muda mrefu kiasi hicho pasipo kuigusa.

Siku ya 17

Jambo la ajabu.

Nilitaka kuhakikisha mafaili ni mazima kabla dada hajaja, basi nikalitazama moja kama baiti tupu, bila kulichora. Jina lake ni "ukuta 3", aina PNTG, yaani mchoro wa MacPaint. Mwanzoni sikuelewa kitu mpaka nikakumbuka kwamba nilivyolihamisha lilibandikwa kichwani baiti 128 za MacBinary, utaratibu wa kufungashia mafaili ya Mac. Baada ya hizo kuna baiti 512 za utangulizi zenye ruwaza 38 za kujazia, ndipo unapoanza mchoro wenyewe, mistari 720.

Kila mstari ni baiti 72, lakini umefinywa kwa njia iitwayo PackBits, njia ileile ambayo Deluxe Paint ya kompyuta za Amiga ilikuja kuitumia kwenye mafaili yake. Ni rahisi mno. Namba hasi inamaanisha "rudia baiti inayofuata mara kadhaa". Namba chanya inamaanisha "zinazofuata zichukue kama zilivyo". Mstari mweupe mtupu ni baiti mbili tu, zikiandikwa kwa tarakimu za heksadesimali: B9 00. B9 inasema mara 72, na 00 ni weupe.

Faili hili halianzi kwa weupe. Linaanza hivi: B9 FF, B9 80, B9 80, B9 80, B9 FF, B9 08, B9 08, B9 08. Kisha tena, na tena. Nikaichora pembeni kwa kalamu, mistari minane. Mstari mweusi mzima. Kisha kidoti kimoja kushoto mara tatu. Mstari mweusi mzima. Kisha kidoti katikati mara tatu. Matofali! Ni ruwaza ya matofali ya MacPaint. Dada alijaza ukurasa mzima ukuta kwa kopo la rangi, na nilikuwa nausoma ukuta huo tofali kwa tofali.

Halafu, kwenye mstari wa 202, mdundo ukavunjika: F7 80 CD 00 F7 80.

Yaani baiti kumi za ukuta, baiti 52 za weupe, baiti kumi za ukuta. Mstari uliofuata vilevile. Na uliofuata. Nikadhani diski imekula mchoro, nikahuzunika. Lakini sekta iliyokufa haifanyi hivi. Sekta ikifa katikati ya faili lililofinywa, kila kitu kinachofuata kinavurugika. Haiwezi kung'oa kipande cha katikati na kuziacha pembeni zikiwa safi. Nikahesabu mistari yenye weupe ule. 240 kamili. Na baiti 52 mara nane ni nukta 416.

416 kwa 240. Nilikuwa nimeiandika namba hiyo humuhumu siku ya 11. Ni dirisha la MacPaint ya kwanza.

Siku ya 18

Nimempigia dada asubuhi na mapema.

"Dada, 'ukuta 3' una tundu katikati."

Alijua papo hapo. "Kifutio," akasema.

Kwenye MacPaint, ukibofya ikoni ya kifutio mara mbili, kinafuta kila kilichomo dirishani. Alitaka kukichukua tu, kidole kikarudia. Kioo kikawa cheupe. Kwa mshtuko akagusa penseli, na penseli ikaweka nukta moja. Ndipo akatendua. Kutendua kulikuwa kumoja, na kilichokumbukwa kilikuwa ile nukta. Alikuwa hajahifadhi hata mara moja tangu jioni, kwa hiyo hakuna nakala ya kurudia. Akahifadhi kilichobaki, akaenda kulala, hakukigusa tena.

Nimeifikiria siku nzima. Kama dirisha lingekuwa kubwa, kifutio kingefuta ukurasa wote. Dirisha lilikuwa dogo kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta ya kwanza ilikuwa ndogo, na udogo huo ndio ulioacha zaidi ya robo tatu ya mchoro ikiwa salama chini na kando.

"Kulikuwa na nini hapo katikati?" nilimuuliza.

"Subiri nije."

Siku ya 22

Dada amekuja. Hakuvua hata koti, amekaa moja kwa moja kwenye kiti. Ameishika kipanya, akaiviringisha kidogo bila kubofya, akatabasamu kwa jinsi ilivyo nzito.

Tulifungua "ukuta 3" pamoja. Mota ya diski haikuimba, kwa kuwa nakala iko kwenye kadi, na dada aliligundua hilo kabla sijamwambia. Basi nikatia diski yenyewe, ya tano, ile iliyosumbua. Noti tano. Mchoro ukatokea.

Juu ni ukuta wa matofali. Katikati ni mstatili mweupe wenye kingo zilizonyooka kama zilizokatwa kwa wembe. Chini yake ni baiskeli kuanzia kwenye ekseli kushuka: nusu ya chini ya magurudumu mawili, spoku zote zimechorwa moja moja kwa mkono, mnyororo, pedali, na juu ya pedali mguu mdogo umevaa ndara. Tumeukuza. Kamba ya ndara imekatika na kufungwa kwa waya. Waya una nukta saba nyeusi zilizozunguka mara mbili, na nukta moja nyeupe katikati inayoufanya ung'ae.

Nimekuwa na ndara moja tu maishani iliyofungwa kwa waya.

"Ulikuwa huwezi kutulia," dada akasema. "Nilikuchora ukiwa umelala, kisha nikakupandisha baiskelini."

Nilitaka kumwambia tuuache hivi ulivyo, na naamini alijua ninataka kusema nini, kwa sababu kabla sijafungua mdomo alikwenda kwenye menyu akahifadhi nakala kwa jina jipya, "ukuta 4". Ya zamani akaifunga. Kisha akachagua penseli, akaingia kwenye nukta kubwa, akatafuta mahali goti linapoishia kwenye ukingo wa weupe.

"Geuka upande," akaniambia. "Na utulie sasa."

Siku ya 23

Hadi usiku amefika kiunoni. Amehifadhi mara kumi na tisa. Nimezihesabu kwa sauti ya diski, kwa kuwa amekataa kutumia kadi.

Yaliyobaki kwenye mradi: kuifungua diski ya saba na kuiosha ukungu, kutafuta nakala safi za sekta za diski ya sita, na kununua betri mpya ya saa. Michoro ya wiki hii nayo imeandikwa 1904.